Mama Mkwe Anatembea kwa Miguu

2 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na kama kawaida ya barua hofu ni kwako. Ila safari hii hofu ni ya kweli, maana miezi miwili sijapata hata mstari. Najua simu huisikii, lakini kalamu haina masikio, Baba. Ishike uandike.

Ofisini tumebaki wawili, mimi na Miwani, bosi wangu. Meza nyingine nne tumezifunika magazeti zisiingie vumbi. Miwani husema maneno matatu kwa siku, na mojawapo ni kwaheri. Mchana nakula peke yangu mbele ya ramani.

Hujawahi kuelewa vizuri kazi yangu, ngoja nikueleze tena. Mwezi wa tatu tuliwakamata tai wanane, tukawavisha kifaa mgongoni, kidogo kama kiberiti, kwa mikanda kama ya begi la shule. Kina kioo cheusi kinachokula jua. Kila dakika kinapima, na kila saa kinapeleka habari kwenye setilaiti, na mimi naona nukta nyekundu kwenye ramani: ndege yuko wapi, yuko juu kiasi gani, anakwenda mwendo gani. Kifaa kikikaa mahali pamoja siku tatu, tunahesabu ndege amekufa.

Saba wamekwisha kunyamaza. Wawili walikula sumu, mmoja alipigwa risasi, watatu umeme uliwaua kwenye nguzo, na mmoja hatujui. Amebaki jike mmoja tunayemwita Mama Mkwe. Siku ya kumvisha kifaa alitukagua mmoja mmoja kama tumekuja kuposa na mahari haitoshi. Ameanza safari ya kusini, na mstari wake unapita juu ya paa lako. Naye akinyamaza, Miwani amesema meza yangu itafunikwa gazeti kama zile nyingine.

Basi tazama juu. Ukimwona, mpe salamu. Nilimwonea wivu jana nilipoona anaelekea nyumbani, mimi ambaye sijakanyaga huko mwaka wa nne sasa.

Mwanao,
Chiriku


9 Oktoba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma. Masikio ndiyo yalibaki kule kwenye nyumba ya jenereta, lakini macho yangu bado yanaona sisimizi akipiga miayo.

Umeniuliza habari, nami sina habari. Naamka, nawasha redio, nafagia. Redio siisikii, ila nikiiwasha majirani wanajua nimeamka. Siku nikichelewa kuiwasha, jirani anakuja kugonga mlango ambao nao siusikii. Tunaishi hivyo.

Sasa hilo la nguzo limenichoma kidogo. Umeme uliwaua kwenye nguzo, nguzo zipi? Laini yote ya kutoka kituo kikuu hadi mlimani niliisimamisha mimi na vijana wangu, nguzo sitini na tatu, mwaka wa ishirini na mbili huu na haijainama hata moja. Waulize hao tai wenu walikuwa wanatafuta nini kwenye mikono ya chuma ya watu. Nguzo si mti.

Hata hivyo nimetoa kiti nje na natazama juu. Shingo inauma. Jirani ameniandikia kwenye karatasi: "Mzee, umepoteza nini huko?" Nikamjibu, namsubiri mama mkwe wangu. Ameenda kuwaambia watu kwamba nimeanza kupotewa na akili.

Kula vizuri. Usikae na Miwani bila kuongea, utasahau kuongea. Wewe mama yako alikuita Chiriku kwa kuwa ulikuwa hunyamazi hata usingizini.

Baba yako,
Mzee Nguzo


24 Oktoba

Chiriku mwanangu,

Nakuandikia kabla barua yako haijafika kwa sababu nina habari njema. Mama Mkwe amefika! Nimemwona kwa macho yangu. Amenenepa, ametulia, na nadhani amepapenda. Kwa hiyo ukiona nukta yako inazungukazunguka hapa hapa mjini, usishangae wala usimwambie Miwani jambo lolote baya. Ndege ni mzima. Mwambie kabisa: ndege ni mzima, meza isiguswe.

Nina swali, nauliza tu. Hicho kifaa kinahitaji jua saa ngapi kwa siku? Na je, mvua ikikinyeshea?

Mimi mzima.

Baba yako,
Mzee Nguzo


31 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Kifaa kinahitaji jua saa nne. Mvua haikidhuru.

Nimefurahi kwamba Mama Mkwe amepapenda. Ila ana tabia ambazo hazimo kwenye vitabu vyetu, nikaona nikuulize wewe uliye naye karibu. Tarehe 17 alitua kwenye laini ya umeme nje ya mji, akakaa chini ya nguzo moja siku mbili na nusu bila kusogea. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nimwandike marehemu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaondoka. Hakuruka. Alifuata barabara, mwendo wa kilomita tatu kwa saa, upande wa kushoto kama mtu mwenye adabu. Akasimama dukani dakika kumi. Mchana akaingia kwenye nyumba yenye bati lililopauka na mpapai uani, akalala humo. Naijua nyumba hiyo, nilizaliwa humo.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne na kila Ijumaa anakwenda kwenye jengo kubwa lenye paa la bluu, karibu na mzunguko wa barabara. Anafika saa mbili asubuhi, anakaa hadi saa nane mchana. Kwenda hutumia dakika arobaini. Wiki iliyopita alitumia sabini, na alisimama njiani mara tano.

Tai anafanya nini kwenye jengo hilo, Baba? Na kwa nini anapumzika njiani?

Nilimpigia jirani. Kasema mzee ni mzima kama chuma. Kwa maneno hayo hayo.

Mwanao,
Chiriku


7 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hilo jengo lina mti mkubwa uani na panya wengi mno. Tai hupenda panya. Jumanne na Ijumaa ndizo siku wanazotoa takataka, kwa hiyo panya hutoka. Mambo haya yanataka mtu aishi na ndege, si kumtazama kwenye kioo.

Kupumzika njiani ni joto tu. Huku kumekuwa na joto.

Na kabla hujakiuliza kifua changu, hakina neno. Vumbi. Jirani akikwambia mzima, basi ni mzima, au unataka aseme nini?

Naona umekuwa na maswali kama askari. Niambie na wewe, Miwani ameridhika? Meza ipo?

Baba yako,
Mzee Nguzo


15 Novemba

Baba,

Tuache. Mimi nimechoka, na najua na wewe umechoka, maana Ijumaa ulitumia saa moja na nusu.

Jengo lenye paa la bluu ni hospitali. Nililala uani kwake nikiwa na miaka saba, ulipoanguka nguzoni ukavunjika mguu. Mti uliokuwapo ulikatwa, shangazi aliniandikia zamani. Njia ya mwongo ni fupi, Baba, na yako naipima kwa mita.

Kuhusu meza, sikiliza. Miwani alijua siku ile ile. Nilimwita nikamwonyesha nukta inatembea barabarani, akatazama kidogo, akasema, "Huyo ni mtu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake matatu ya siku ile, na mazishi ya Mama Mkwe yakawa yameisha. Meza yangu imefunikwa gazeti tangu mwanzo wa mwezi. Nimehamishiwa chumba cha nyuma, naandika upya madaftari ya zamani ambayo hakuna atakayeyasoma. Niliomba kitu kimoja tu, waniachie namba ya Mama Mkwe isifungwe mpaka betri ife. Miwani hakuuliza kwa nini. Nadhani alielewa.

Asubuhi nikifika, kabla sijavua koti, naangalia kama umetoka nje. Jioni nasubiri mpaka uingie ndani. Siku hizi sili mbele ya ramani, nakula na wewe. Wewe umekaa kwenye benchi la hospitali, mimi kwenye stuli, na hakuna anayemwambia mwenzake neno.

Nina hasira na wewe, na leo nitaisema. Mama alipougua mliniandikia kwamba ni mzima. Barua sita, zote mzima. Mimi nilikuwa milimani na hema, nikifuata tai, najivunia. Nilijua kila ndege alikolala usiku, nilikuwa nawaandika daftarini mmoja mmoja. Mama yangu alilazwa wiki tisa na sikujua. Ulisema hukutaka kumsumbua mtoto kazini. Nilifika udongo umekwisha kukauka. Sijaja tena kwa sababu sijui kuingia nyumba ile bila kukuuliza kwa nini, na wewe husikii, na jambo kama hilo siwezi kuliandika kwenye karatasi nikaisukuma mezani mbele yako.

Sasa nimeliandika. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini anayelia siye aliyeficha. Niambie una nini.

Mwanao


22 Novemba

Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya tano nilishindwa.

Nianze na ndege, hilo ni jepesi. Nilimkuta chini ya nguzo namba arobaini na moja. Nilikwenda kutembea huko, kama ninavyokwenda wakati mwingine kuzitazama nguzo zangu, upuuzi wa mzee. Alikuwa amelala kifudifudi, bawa moja limeungua ncha. Nikatazama juu nikaelewa mara moja. Mkono wa chuma uko karibu mno na waya. Ndege mdogo anatua salama, lakini huyu akifungua mabawa anagusa huku na huku. Vikombe vya nguzo hiyo, vile vinavyoshika waya, nilivifunga mimi mwenyewe kwa mkono huu. Miaka ishirini na mbili nimejisifu kwamba haijainama, kumbe kusimama wima si kazi yote ya nguzo.

Nikakumbuka ulivyosema, siku tatu kisha mnahesabu amekufa, na meza. Nilikuwa sijui amelala hapo tangu lini. Nikakata mikanda, nikamzika, nikakishona kifaa juu ya kofia yangu kipate jua. Ndiyo, kofia. Sasa jirani ana uhakika kabisa na habari ya akili zangu. Nilidhani ukiona kinatembea, kazi yako imepona. Nilisahau kwamba mnapima na mwendo. Tai mwenyewe angenicheka.

Sasa lile zito. Ni maji kwenye pafu. Wanachoma sindano mgongoni na kuyatoa, na yanarudi. Daktari ni kijana mzuri, ananiandikia kila kitu kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki iliyopita aliandika kwamba chanzo chake ni saratani, ile tuliyokuwa tunaiogopa. Nilimwomba aniachie karatasi hiyo. Iko ndani ya redio, kwenye nafasi ya betri ya akiba.

Kuhusu mama yako sina la kujitetea. Alisema usiitwe, nami nilimtii kwa sababu kutii kulikuwa rahisi kuliko kukuandikia. Kila barua niliyoandika "mzima" yeye alikuwa amelala pale nyuma yangu na nilikuwa naona aibu kugeuka. Nimekukosea mwanangu. Nilipaswa kusema hivyo siku ile ulipofika na viatu vya milimani.

Nikwambie na jambo jingine, halafu usinicheke. Nilipenda kuivaa hiyo kofia. Nyumba hii ni kimya, na mimi kimya changu kina ukuta wa pili. Nilipokuwa natoka asubuhi nilikuwa nasema kwa sauti, haya twende, Chiriku anatazama. Nilidhani unatazama tai. Hata hivyo ilitosha.

Usije. Utakuja kufanya nini, kuhesabu sindano? Nina shughuli moja ya kumaliza. Nimewaandikia watu wa umeme mara tatu kuhusu namba arobaini na moja, sijajibiwa. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nalijua sikio la aina hiyo kwa karibu.

Baba yako


3 Desemba

Baba,

Barua yako ilifika Jumamosi. Tangu siku hiyo natafuta jibu, naandika mstari, nafuta. Leo sina muda wa kuchagua maneno.

Saa mbili asubuhi ulikuwa nguzo namba arobaini na moja. Nikasema amekwenda kuzitazama nguzo zake, sawa. Saa tatu ulikuwa hapo hapo, lakini kile kisehemu cha urefu ambacho siku zote kinasoma sifuri, kilisoma mita nne. Saa nne, mita kumi.

Baba, uko juu ya nguzo. Una maji kwenye pafu na uko juu ya nguzo.

Saa tano, mita kumi. Simu ya jirani haipatikani. Miwani amekuja kusimama nyuma yangu na hasemi hata yale matatu.

Saa saba, mita kumi.

Saa nane jirani amepokea. Anasema umeshuka, uko ndani, umelala, umechoka kidogo ila ni mzima. Nimekata simu. Neno hilo nimeacha kuliamini, likitoka kwako, kwake, au kwa mtu yeyote. Na nukta bado inasema mita kumi.

Nakwenda kutafuta basi. Barua hii naitia posta hapo hapo stendi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nimezoea. Miwani ameniambia, "Usirudi mapema."

Mwanao


3 Desemba

Chiriku mwanangu,

Naandika kitandani, samahani kwa mwandiko. Leo nimepanda namba arobaini na moja.

Usipige kelele kwanza. Yule fundi aliyekuwa chini yangu, ambaye sasa ana mvi nyingi kuliko mimi, ndiye msimamizi wa laini. Alinijibu mwishowe. Leo ilikuwa siku yao ya kuzima umeme kwa matengenezo. Alitaka apande yeye. Nikamwambia kosa ni langu, mkono wangu ndio uliofunga, niache nifungue. Alinifunga mikanda miwili na kamba ya tatu wakaishika watu watatu chini. Nilipumzika mara saba. Tumevalisha waya mpira, na juu kabisa tumepigilia ubao mrefu wa kutua, mbali na chuma chote. Tai wa kesho akija atakaa kama mwenye nyumba. Msimamizi ameahidi kwamba zitafuata nguzo zote sitini na tatu, na safari hii nimemwandikisha akatia sahihi.

Kule juu niliona mbali sana. Nilikuwa nimesahau. Niliona barabara inayokwenda kwako, mpaka inapopotea.

Kofia nimeiacha huko. Nimekikata kifaa nikakifunga ubaoni, kinaangalia jua. Nimefikiri sana, na hii si kwa hasira. Mimi na wewe tumetazamana kwenye kioo tukaona inatosha, na mimi ndiye niliyeona inatosha zaidi. Kuanzia leo kifaa chako kitasema niko nguzo namba arobaini na moja, mita kumi, kila saa, nikiwa hai na nisipokuwa. Hakitakwambia kitu tena.

Nilikwambia usije. Nilisema uongo, kama ule wa panya. Ukitaka kujua nilipo, mwanangu, njoo uulize. Mlango sifungi. Na lile swali lako la mama yako liandike kwenye karatasi unisukumie mezani, nitalisoma mbele yako.

Ila fanya haraka kidogo.

Baba yako


6 Desemba, saa moja asubuhi

Baba,

Nimeegemeza karatasi hii kwenye kikombe chako ili uione kabla ya kitu kingine. Usishtuke.

Mlango ulikuwa wazi. Barua yangu haijafika bado, nimeitangulia. Nimekaa kwenye kiti chako karibu saa nzima nakusikiliza ukikoroma. Jenereta bado linafanya kazi, ila limepungua nguvu, na kila likizima kidogo na mimi nilikuwa nazima nalo.

Nimeleta karatasi nyingi. Sina basi la kurudi.

Niko jikoni. Redio nimeiwasha mimi.

Chiriku